Nenda kwenye usaili na lugha uliyokwisha kukosea nayo

Mpwa wangu yuko mwaka wa nne chuoni Dodoma. Mwezi uliopita alinitumia sauti ya WhatsApp saa nne usiku: "Shikamoo mjomba. Kuna kampuni wameniita usaili, nitaandika kodi ya programu ya kompyuta mbele yao dakika arobaini na tano, na lugha ya kuiandikia wamesema nichague mwenyewe. Zimebaki wiki tano. Mimi nimezoea Java, lakini hosteli nzima wananiambia niende na Python. Nifanyeje?"

Nilimpigia papo hapo. Swali hilo liliwahi kuninyima kazi, na sikutaka limfike na yeye.

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka minne ya Java mkononi. Kampuni moja ya nje ikaniita usaili kwa video. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nikahamia Python, kwa sababu kila niliyemwona akifundisha maswali ya usaili alikuwa anaitumia. Wiki tatu zile nilisoma kila usiku, nikajiona nimeiva. Swali lililokuja nilikuwa nalijua: umepewa jedwali la ardhi na maji, hesabu visiwa. Nilihitaji jedwali la pili la kuwekea alama sehemu nilizokwisha kupita, lenye mistari m na upana wa n, nikaandika hivi:

    zimepitiwa = [[False] * n] * m

Mstari unasomeka vizuri. Nikaendesha programu. Jedwali lilikuwa na visiwa vitatu, kimoja chini ya kingine, jibu likatoka 1.

Tatizo ni kwamba Python haikutengeneza mistari m. Ilitengeneza mstari mmoja, ikauweka mara m. Ni kama nyumba moja iliyobandikwa namba nne za mtaa: ukipaka rangi mlango wa namba 1, ukifika namba 3 unakuta mlango umeshapakwa. Nilipoweka alama kwenye kisiwa cha kwanza, vile viwili vya chini yake vikahesabiwa kuwa vimeshapitiwa. Ilitakiwa niandike:

    zimepitiwa = [[False] * n for _ in range(m)]

Kwenye Java ningeandika new boolean[m][n] na kila mstari ungekuwa wake, bila hata kuwaza. Nilitumia dakika kumi na moja nikikagua mbinu yangu, ambayo haikuwa na kosa lolote, huku msaili akinisubiri kwa upole. Muda ukaisha. Mtu aliyeandika Python kwa mwaka mmoja angeliona kosa lile kwa jicho moja, kwa sababu lingekuwa limeshamtesa nyumbani kwake, usiku, bila mtu wa kumtazama.

Hicho ndicho kipimo changu tangu siku ile. Usiulize lugha ipi ni fupi au ipi inasifiwa. Jiulize ni lugha ipi imeshakuumiza vya kutosha hadi unaijua mitego yake.

Kwanza waulize wanaokuita

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa kuona aibu, na hakuna aibu. Mwandikie aliyekutumia mwaliko, umuulize mambo manne: lugha zipi zinakubalika, utaandikia wapi, kodi itaendeshwa au itasomwa tu, na kama unaruhusiwa kufungua nyaraka za lugha wakati wa usaili. Majibu yake yanabadilisha maandalizi. Ukiambiwa ni CoderPad au HackerRank, yaani tovuti za kuandikia kodi ya usaili, kwa kawaida kodi itaendeshwa na makosa madogo utayaona. Ukiambiwa ni ubao au ukurasa mtupu wa maandishi, hakuna kitu kitakachokukamilishia majina ya fanksheni, na hapo ndipo anayetegemea programu ya kuandikia kodi ijaze kila kitu anapokwama.

Kisha soma tangazo la kazi taratibu. Kuna kazi ambazo lugha imeshachaguliwa hata kama hawakusema. Kazi ya programu za Android ni Kotlin au Java. Kazi ya kurasa za wavuti ni JavaScript, na ukienda na nyingine watajiuliza kwa nini. Kazi ya data ni Python pamoja na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na SQL hiyo usiichukulie poa, kwa sababu mara nyingi ndiyo wanayoanza nayo. Kama tangazo haliegemei popote, endelea na hatua inayofuata.

Jaribio la daftari

Chukua daftari na kalamu. Ndiyo, kalamu. Kompyuta izime kabisa. Andika majibu ya maswali manne yafuatayo kwa lugha ya kwanza unayoifikiria, kila swali dakika 25. Kesho yake yaandike tena kwa lugha ya pili. Kila unaposimama kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya swali, weka nukta pembeni.

Swali la kwanza: una orodha ya miamala ya simu, kila muamala una namba ya mtumaji na kiasi. Toa namba tatu zilizotuma pesa nyingi kuliko zote. Hili linakupima kwenye kamusi, yaani hifadhi ambayo kila ufunguo una thamani yake, na kwenye kupanga kwa kigezo unachotaka.

Swali la pili: umepewa mstari wenye mabano ya aina tatu. Je, yamefungwa sawasawa? Hapo unahitaji steki, yaani rundo ambalo kilichoingia mwisho hutoka kwanza.

Swali la tatu: umepewa jedwali la njia na kuta. Tafuta hatua chache zaidi kutoka kona moja hadi nyingine. Hapo unahitaji foleni, pamoja na lile jedwali la alama lililonitoa mimi.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi: umepewa maneno kata, sita, mali, taka, lami, tisa, imla. Yaweke katika makundi kufuatana na herufi zao, yaani kata na taka pamoja, sita na tisa pamoja, mali, lami na imla pamoja. Linaonekana jepesi, lakini linagusa kamusi, orodha, herufi na kupanga kwa wakati mmoja, na linaonyesha lugha inavyokutendea.

Mpwa wangu aliandika yote manne kwa Java, akapata nukta 5. Kwa Python alipata 14. Lakini idadi peke yake haitoshi, na hapa naomba uwe makini. Nilimwambia apige picha kurasa zote, tukazipitia nukta moja moja kwa simu. Kuna nukta za kusahau jina: je, ni length, size au len? Hizo zinapona kwa siku mbili za mazoezi. Na kuna nukta za kutojua lugha inavyofanya kazi: nikiweka orodha hii ndani ya ile, je, inanakiliwa au ni ileile? Hizo haziponi kwa wiki tano. Nukta zake 5 za Java zote zilikuwa za majina. Za Python, tisa zilikuwa za aina ya pili.

Jibu lake tukalipata hapo, bila kubishana na hosteli.

Kwa nini watu wanaisifia Python, na wana haki

Sitaki nieleweke kwamba naipinga. Hili hapa swali la maneno kwa Python:

    makundi = {}
    for neno in maneno:
        ufunguo = "".join(sorted(neno))
        makundi.setdefault(ufunguo, []).append(neno)

Mistari minne. Kwa Java ni hivi:

    Map<String, List<String>> makundi = new HashMap<>();
    for (String neno : maneno) {
        char[] herufi = neno.toCharArray();
        Arrays.sort(herufi);
        String ufunguo = new String(herufi);
        makundi.computeIfAbsent(ufunguo, k -> new ArrayList<>()).add(neno);
    }

Mistari saba, na mingi ni mirefu. Kwenye dakika arobaini na tano tofauti hiyo ipo na inahisika. Lakini angalia mstari wa Java wenye computeIfAbsent. Upo tangu Java 8 ya mwaka 2014, na bado nakutana na vijana wanaoandika mistari mitano ya kuuliza kama ufunguo upo, kama haupo utengeneze orodha, kisha uichukue, kisha uongeze. Mpwa wangu naye alikuwa mmoja wao. Nilipomwonyesha huo mmoja, sehemu kubwa ya "Java ni ndefu" ikaisha. Mara nyingi anayelalamika kwamba lugha yake ni ndefu anatumia nusu yake tu.

Na kila moja ina mtego wake kwenye mistari hiyohiyo. Ukisahau join kwenye Python, sorted inakurudishia orodha, na orodha haikubaliki kuwa ufunguo wa kamusi. Programu inasimama na kukuambia. Ukisahau new String kwenye Java ukatumia char[] kuwa ufunguo, ni vibaya zaidi, kwa sababu haisimami. Kila neno linapata kundi lake peke yake, kata huku na taka kule, maana Java inalinganisha safu kama char[] kwa utambulisho wake, haiangalii kilichomo.

Kwa hiyo kama unaanza kabisa, huna lugha uliyoishika, na una miezi sita au zaidi mbele yako, chukua Python bila wasiwasi. Muda huo unatosha kukosea nayo. Zikiwa chini ya miezi miwili, baki na uliyonayo. Katikati ya hapo, daftari liamue.

Mitego ya kuijua kabla hujakaa mbele ya msaili

Kwenye Python, mbali na ule wa jedwali: kutoa kitu cha kwanza kwenye orodha kwa pop(0) kunasogeza vyote vilivyobaki, kwa hiyo foleni ndefu inakuwa nzito, tumia foleni yake iliyo tayari, deque, na popleft. Fanksheni inayojiita yenyewe ina kikomo cha kawaida cha kujiita takriban mara 1000. Jedwali la 40 kwa 40 lina sehemu 1600, na njia inayozunguka kama nyoka inaweza kukivuka kikomo hicho. Foleni ya kipaumbele, yaani inayotoa vitu kwa ukubwa na si kwa kutangulia, kwenye Python ni heapq, nayo inatoa kidogo kwanza. Ukitaka kikubwa, ingiza namba zikiwa hasi. Kugawanya -7 kwa 2 kwa alama ya // kunatoa -4, wakati Java inatoa -3. Na Python haina, kwenye maktaba yake ya kawaida, kamusi inayojipanga kama TreeMap ya Java. Swali likihitaji kitu hicho, anayetumia Java anapumua na anayetumia Python anahangaika.

Kwenye Java, mtego unaonigusa sana ni wa hesabu, kwa sababu sisi tunahesabu kwa shilingi. Namba ya int, aina ya kawaida ya namba nzima, inaishia 2,147,483,647. Jumlisha miamala ya shilingi bilioni tatu, jambo la kawaida kabisa kwa mauzo ya kampuni kubwa, na jumla inageuka kuwa hasi bila onyo lolote. Tumia long, aina inayobeba namba kubwa zaidi. Anayetoka nchi ambako bilioni mbili ni pesa za kufikirika tu anaweza asiliwaze hili. Wewe huna kisingizio, na ukilisema kwa sauti mbele ya msaili linakuongezea heshima. Python haina shida hiyo, namba zake nzima hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Mtego mwingine wa Java ni kulinganisha maandishi kwa ==, inayouliza kama ni kitu kilekile, badala ya equals, inayoangalia kilichomo.

JavaScript niitaje kwa kirefu kidogo, maana vijana wengi wa kurasa za wavuti wanaijua vizuri kuliko nyingine yoyote na bado wanaambiwa haifai. Inafaa. Lakini fanya jaribio hili leo: andika [5000, 200, 10000].sort() uone. Inatoka 10000, 200, 5000, kwa sababu usipoiambia vinginevyo inapanga kama maandishi, na herufi "1" hutangulia "2". Andika sort((a, b) => a - b) mpaka vidole vizoee. Pili, haina foleni ya kipaumbele iliyo tayari. Jifunze kuiandika mwenyewe kwa mistari isiyozidi thelathini, uirudie kila asubuhi kwa wiki moja, na hofu itakwisha.

C++ ni ya walioishi nayo, hasa waliotoka kwenye mashindano ya kodi. Priority_queue yake inatoa kikubwa kwanza, kinyume na Java na Python, na anayehama kutoka kwenye hizo hujikwaa hapo. Ukitoka nje ya mipaka ya vector, orodha yake, kwa mabano ya kawaida, hakuna anayekuahidi nini kitatokea. Kama huijui tayari, usaili si mahali pa kuanzia.

Go ni nzuri kazini, ila foleni ya kipaumbele kwenye container/heap inakutaka uandike fanksheni tano kwanza, na dakika zinakwenda. Kotlin ni chaguo zuri kwa mtu wa Android, kwa sababu inatumia maktaba zote za Java. Wa PHP wananiuliza kwa unyonge, nami nawajibu wasiwe wanyonge: kuna SplQueue na SplMinHeap, zinatosha. Hakikisha tu kwamba msaili anaweza kuisoma, na hilo utalijua kwa ile barua ya mwanzo.

Lugha tatu kichwani

Kuna jambo ambalo washauri wengi hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Sisi tunafikiri kwa Kiswahili, na usaili mara nyingi ni kwa Kiingereza. Unapoandika kodi huku unaeleza, kichwa kinabeba lugha tatu kwa wakati mmoja: ya kufikiria, ya kusemea na ya kuandikia. Kiswahili hakikuchoshi. Kiingereza kinachukua sehemu ya nguvu yako. Ukiongeza na lugha ya kodi ya wiki tatu, hakuna nguvu iliyobaki kwa swali lenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kubaki na lugha uliyoizoea: angalau moja kati ya hizo mbili za kigeni iwe nyepesi.

Nilimwambia mpwa wangu aanze kila swali kwa kulieleza kwa Kiswahili kwa sauti, kama anamweleza mama yake, ndipo alieleze kwa Kiingereza, ndipo aandike. Wiki ya kwanza ilikuwa inamchukua dakika kumi kabla ya kugusa kalamu. Sasa ni tatu.

Wiki tano zake zilivyokwenda

Wiki ya kwanza hakugusa swali lolote gumu. Kila siku aliandika vifaa vya Java kutoka kichwani kwenye ukurasa mmoja: ArrayList, HashMap, HashSet, ArrayDeque kwa steki na foleni, PriorityQueue, TreeMap, kupanga kwa Comparator, StringBuilder. Kutengeneza, kuongeza, kutoa, kuangalia, kuzungukia vyote. Alipoweza kuujaza ukurasa bila kusimama, tukaendelea.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za maswali, mawili kwa siku, moja jipya na moja la kurudia, yote kwa Java ileile. Nilimkataza kusoma majibu ya Python hata yakiwa mazuri, isipokuwa ayaandike upya kwa Java kabla ya kulala. Kila kosa lililotoka kwenye lugha alilitengea mstari wake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na tarehe. Kompyuta yake ilizimika mara mbili umeme ulipokatika, akaendelea kwa kalamu na tochi ya simu, na kwa maandalizi ya aina hii hakupoteza chochote.

Wiki hii ni ya kusailiwa kwa majaribio. Nampigia saa mbili usiku, bila video ili bando lisiishe, anaandika kwenye ukurasa tunaoshirikiana na mimi namkatiza kwa maswali ya Kiingereza.

Jana alinitumia picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari. Makosa yamefika 31. La mwisho amelikuta peke yake: alilinganisha Integer mbili, yaani namba nzima zilizofungwa kuwa vitu, kwa ==, zote mbili zikiwa 127, ikatoka true; akabadilisha zote kuwa 128, ikatoka false. Java huweka tayari vitu vya namba kutoka -128 hadi 127 na kuvitumia tena, na zaidi ya hapo kwa kawaida kila kimoja kinatengenezwa upya. Chini yake ameandika kwa wino mwekundu, equals, akapiga mistari miwili. Usaili ni Alhamisi saa tano asubuhi.